USHURU WA PAMOJA, HASARA YA NANI?



Wako wasemao kwamba dola rafiki zikimtoza mshindani wao ushuru kwa pamoja, hiyo ni dalili ya udugu. Sisi twasema hiyo ni hesabu ya biashara, na katika kila hesabu yuko alipaye zaidi.

Tuitazame Kanada. Mwezi wa Mei 2024 Marekani ilitangaza kupandisha ushuru wa magari ya umeme ya China kutoka asilimia 25 hadi 100. Ilipofika Oktoba mwaka ule ule, Kanada nayo ikayatoza magari hayo asilimia 100, na chuma na alumini ya China asilimia 25. Kwa nini ifuate nyayo kwa nyayo? Bidhaa iliyofungiwa mlango mmoja hutafuta mlango wa jirani, na Marekani haikutaka mali ya China ipitie uani kwa Kanada. Tena viwanda vya magari vya Kanada soko lao kubwa ni Marekani; asiyefunga mlango wake huogopa kufungiwa na rafiki yake.

Hoja ni hizo. Je, malipo? Mwezi wa Machi 2025 China ililipiza kisasi: asilimia 100 juu ya mafuta na mashudu ya kanola na juu ya njegere, asilimia 25 juu ya nyama ya nguruwe na mazao ya bahari. Pigo likamwangukia mkulima na mvuvi, wasiounda gari hata moja. Na mwezi huo huo, rafiki aliyefuatwa akaitoza Kanada yenyewe ushuru, hata juu ya chuma na alumini yake! Kikulacho ki nguoni mwako. Januari 2026 Kanada ikapatana na China kupokea magari 49,000 kwa mwaka kwa ushuru wa asilimia 6.1.

Hatusemi ushirika ni ubaya. Twasema mdogo asifunge mlango kabla hajauliza: kisasi kikija, hasara tutaigawana vipi?

Nasi wa visiwani tumo katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005. Basi tuwaulize wanaotusemea: viwango vinapopangwa, ni nani akaaye pale kwa ajili ya bandari yetu, na kwa ajili ya mnunuzi wa kibaba cha mchele?

Asiyeuliza leo, kesho ataletewa hesabu alipe.