Mfano Nao Ni Kazi



Wapenzi wasomaji, barua ya wiki hii imetoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Matinyani, magharibi ya mji wa Kitui, ametuandikia kwa niaba yake na ya majirani zake saba. Wote wanane ni wasusi wa viondo. Yeye ni Muislamu, wenzake ni Wakristo, na kazi huifanya pamoja kwa ile desturi ya Wakamba ya kusaidiana iitwayo mwethya.

Kisa chao ni hiki. Mfanyabiashara mmoja wa huku kwetu pwani aliwapelekea habari kwamba anataka viondo 60 vya kutilia zawadi za arusi. Bei hakuitaja. Alisema kila mmoja asuke kimoja kwa nakshi aliyoibuni mwenyewe, naye atazame, na atakayempendeza ndiye atakayepewa kazi. Wanawake wale wakanunua katani na rangi kwa fedha zao, wakasuka kwa siku 16, baina ya shamba, jiko na watoto. Viondo vilipofika Mombasa, yule bwana alivipiga picha, akavirudisha vyote vinane, akashukuru, akasema bei yao haimfai.

Miezi miwili baadaye dada huyu alikuja nyumbani kuhudhuria arusi ya jamaa. Alipokuwa akiaga akapewa zawadi yake, nayo imo ndani ya kiondo chenye nakshi ya jirani yake, mstari kwa mstari, kimesukwa na mikono mingine kwa uzi hafifu. Anasema aliona haya kurudi nacho Matinyani. Sasa anauliza: je, tulidhulumiwa, au biashara ndivyo ilivyo?

Dada yangu, kabla ya kujibu, napenda wasomaji wenzetu waelewe kilichochukuliwa, kwani wako watakaosema viondo si vilirudishwa?

Kiondo huanzia kitakoni. Msusi hupanga nyuzi za mtande, akazizungushia mshindio, na kila duara linapopanuka huongeza nyuzi nyingine. Kabla hajafika ubavuni ni lazima awe ameshajua hesabu yake. Ikiwa nakshi inajirudia kila baada ya nyuzi 12, basi idadi ya nyuzi zote iwe yenye kugawika kwa 12. La sivyo mwisho wa nakshi hautakutana na mwanzo wake, na kiondo kitaonekana kama kimeraruka kikashonwa. Hesabu hii aghalabu haiandikwi popote; mwanamke huibeba kichwani huku akisokota uzi pajani. Akikosea chini, kosa huonekana juu, na dawa yake ni kufumua.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili. Anayejua kusuka ukili anajua kwamba mkeka mzuri hupangwa kabla mkono haujagusa ukindu. Anayeshona kofia ya vito anajua kwamba mchoro ukienda kombo, ushoni wa miezi hauwezi kuunyoosha. Na leso je? Mama zetu walikuwa wakitazama pindo, mji na jina, kisha wakatafuta maandishi madogo ya K.H.E. na "Mali ya Abdulla", alama ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa. Maandishi yale hayaongezi joto wala uzuri wa kitambaa. Yanasema tu kwamba nakshi hii ina mwenyewe.

Basi yule bwana aliporudisha viondo alirudisha katani. Fikira, ambayo ndiyo iliyokuwa sehemu ghali zaidi ya kazi ile, ilibaki katika simu yake.

Tuje kwenye hukumu. Mimi si mufti, na mwenye kesi mahsusi amwendee sheikh wake. Lakini misingi inajulikana. Fiqhi inatambua ijara, yaani kumwajiri mtu kwa kazi maalumu na ujira maalumu. Inatambua pia juala, yaani kuahidi malipo kwa atakayetimiza jambo fulani. Katika Sura Yusuf (12:72) mna mfano wake: kopo la mfalme limepotea, na atakayelileta ameahidiwa shehena ya ngamia. Tazameni, jambo limetajwa na malipo yametajwa. Anayetoka kulitafuta anajua anatafuta nini na atapata nini. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, aliyeahidi akivunja ahadi yake baada ya mtu kuianza kazi, hawi huru. Anadaiwa ujira wa mfano, yaani kiasi ambacho kazi kama ile hulipwa kwa kawaida.

Kwa hiyo kushindanisha watu si lazima kuwe dhulma. Mtu akitangaza zawadi ya shindano, akaitoa kwa aliyeshinda, na asitumie kazi za walioshindwa, hilo lina mlango wake, na wanaoshiriki wanaingia wakijua. Lakini kwa wanawake wa Matinyani ujira haukutajwa, mshindi hakutangazwa, na nakshi ilitumiwa. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmojawapo akiwa ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira. Hakuna popote palipoelezwa kwamba mfanyakazi huyo sharti awe Muislamu. Jirani Mkristo wa Matinyani haki yake ni ile ile.

Jibu langu basi, dada yangu, ni hili: naam, mlidhulumiwa.

Kwa wafanyabiashara wetu, kuna kisa katika Sura Al-Qasas (28:23-27) ambacho tunawasomea watoto na kukisahau dukani. Nabii Musa (a.s.) alifika kwenye maji ya Madyan akiwa mgeni na fukara, akawanyweshea wanyama wale mabinti wawili. Hakuombwa na mtu, wala hapakuwa na mapatano. Hata hivyo baba yao aliposikia, alimtuma mmoja wao akamwite ili amlipe kwa kazi ile. Kisha alipotaka kumwajiri, alitaja miaka, alitaja malipo, na akasema hataki kumtaabisha. Mzee yule alilipa kazi ambayo hakuiagiza. Sisi tunaagiza, kisha hatulipi.

Wala tusimtwishe lawama yule bwana peke yake, kwani tabia hii imo majumbani mwetu. Arusi inapokaribia, wapaka hina watatu huambiwa kila mmoja ampake msichana mmoja "tuone mkono wake". Fundi wa mabuibui huombwa ashone moja la kutazamwa. Kijana anayetengeneza kadi za mwaliko kwa kompyuta huambiwa atume mifano mitano, na kesho yake mmoja katika hiyo unaonekana umechapishwa kwa mwenye bei nafuu. Madrasa na kamati zetu nazo huwaambia vijana watengeneze mabango bure kwa kuwa ni fi sabilillah. Ndugu zangu, sadaka hutolewa na mwenye mali kwa moyo wake. Ukimchukulia mtu kazi yake kisha ukaiita sadaka yake, thawabu hizo umezigawa ambazo si zako.

Na wengi wanaombwa hivyo ni wanawake, kwa sababu kazi yao hufanyika nyumbani, na kazi ya nyumbani hudhaniwa kuwa ni kupitisha wakati. Mama huyo ana ada ya madrasa ya kulipa, naye kashinda siku 16 akiwa amejikunja juu ya kiondo.

Dada yangu, nawe na majirani zako nawausia mambo manne.

Kwanza, anayetaka kujua ustadi wenu mwonyesheni kazi mlizokwisha kuzifanya. Kiondo cha zamani kilichosukwa vyema kinatosha kuwa shahidi.

Pili, akitaka nakshi mpya iliyobuniwa kwa ajili yake, mfano nao uwe na bei. Mwambieni kwamba akiagiza vilivyobaki, fedha ya mfano itakatwa katika jumla. Asipoagiza, fedha ni yenu na nakshi ni yenu. Mnunuzi wa kweli hatakimbia, na atakayekimbia amewapunguzia siku 16 za bure.

Tatu, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani (2:282) inahusu kuandikiana madeni. Karatasi moja yatosha: nani ameagiza, kitu gani, kwa bei gani, na nakshi ni ya nani.

Nne, sheria ya nchi nayo ina nafasi yake. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inaruhusu kusajili nakshi ya bidhaa kwa miaka 5, na kuihuisha mara mbili hadi kufikia miaka 15. Wasusi wa Taita nao wamesajili alama ya pamoja ya vikapu vyao. Kwa watu wanane gharama ya njia hii inaweza kuwa nzito, lakini kikundi kikiungana na vikundi vingine vya Kitui, mzigo hugawanyika.

Na wewe bwana uliyevipiga picha viondo vile, huenda gazeti hili linaingia nyumbani kwako kila Ijumaa. Jina lako hatulijui na hatutaki kulijua. Njia ya kurudi bado iko wazi: hesabu ujira wa mifano minane, ongeza haki ya ile nakshi moja, uipeleke Matinyani na kuwaomba radhi. Toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki imrudie mwenyewe, na leo inalipika kwa shilingi.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika chumo la halali, na atuepushe na jasho la watu.

Wabillahi tawfiq.