Mapigo ya moyo yapimwe zahanati
Vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka ovyo badala ya kusukuma, damu hutuama, hasa katika kifuko cha chumba cha kushoto. Ikiganda humo, bonge huweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Hatari yake huongezeka takriban mara 5. Kati ya wenye tatizo hili, wazee wenye shinikizo la damu tunawafahamu. Tunaowasahau ni vijana wa Afrika Mashariki ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliharibu vali zao. Kwao, utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha kuwa, kati ya dawa za kuzuia damu kuganda, zile za kundi la warfarini huokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Lakini warfarini bila kupima damu inavyoganda ni hatari. Serikali ipeleke kipimo hicho wilayani, na muuguzi ashike mkono wa kila mgonjwa, ahesabu mapigo dakika nzima ili kuona kama yanaenda ovyo.