"Ndiyo bosi" inapoficha hofu



Jumapili moja baada ya Misa ya kwanza, mlinzi wa nyumba moja huku Msasani alinisubiri nje ya sakristia akiwa na bahasha. Ndani mlikuwa na mkataba wa kazi wa kurasa nne, wote kwa Kiingereza, na sahihi yake chini. "Padri, nisomee. Nimeambiwa kazi imekwisha, na sijui nimekosa nini."

Hakuwa amekosa kitu. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, nayo ilikuwa imetimia. Nilimwuliza kwa nini alisaini asichokielewa. Akajibu: "Bosi aliniuliza kama nimeelewa. Ningesema hapana, kazi angepewa mwingine."

Wengi husema kikwazo cha mawasiliano kazini ni lugha. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni hofu. Kurasa nne za Kiingereza hupata mkalimani kwa nusu saa. Hofu haina mkalimani.

Sheria yetu haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kama hayaelewi, ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Mwaka 2021 sheria zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Ikiwa hakimu anatakiwa kusema lugha ya mwananchi, sembuse mwenye nyumba anayeajiri mlinzi au dada wa kazi?

Maandiko yalitangulia. Katika Nehemia sura ya 8, Ezra alipoisoma Torati, Walawi walisimama kati ya watu wakiifafanua. Watu wakaenda kula na kufurahi kwa sababu wameelewa waliyoambiwa. Kusomewa peke yake hakukutosha.

Mkumbuke pia Naamani, jemadari mwenye ukoma, katika 2 Wafalme sura ya 5. Njia ya kupona ilianzia kwa kijakazi wa nyumbani mwake. Alipokasirika na kutaka kuondoka, watumishi wake walithubutu kumshauri, naye akasikia. Kama watumishi hao wangezoea kujibu "ndiyo bwana" tu, angerudi kwao na ukoma wake.

Ndugu mwajiri, wiki hii usiulize, "Umeelewa?" Sema, "Hebu nieleze ulivyoelewa." Nawe mfanyakazi, kusema "sijaelewa" si utovu wa adabu; omba upewe muda, umtafute wa kukusomea kabla ya kusaini. Nasi mapadri tuanze kwetu: parokiani tuna wapishi, walinzi na makatekista wanaotuitikia "ndiyo Padri" kwa hofu ileile.

Yule mlinzi hakurudi kazini. Kesho asubuhi mwingine atapewa kalamu asaini. Je, aliyeishika kalamu hiyo ni wewe?

Jumapili njema.