Eti chuma hakiungui?

Simama Likoni uitazame meli ya makontena ikiingia bandarini. Utaapa kwamba moto hauwezi kuitisha. Ni chuma kitupu, na chuma si makuti. Hapo ndipo vijana wengi tunaotamani kazi ya meli tunapojidanganya.

Chuma hakisubiri kuyeyuka ndipo kikuangushe. Huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,500, lakini kikifika 600 hivi, huwa kimepoteza takriban nusu ya nguvu zake. Kinalegea. Sitaha zinabonyea, kuta zinapinda kwa sababu chuma kinatanuka na hakina pa kwenda. Aluminiamu ndiyo usiseme. Hiyo huyeyuka kwenye 660 tu.

Unadhani natia chumvi? Julai 2020, meli ya kivita ya Marekani, USS Bonhomme Richard, ilishika moto ikifanyiwa matengenezo San Diego. Haikuwa katikati ya bahari, ilikuwa gatini, wazimamoto wako hapo hapo! Lakini nyaya na mipira ya mafundi ilikuwa imepitishwa milangoni, milango ikakosa kufungika, moto ukatembea utakavyo. Iliwaka zaidi ya siku nne. Mlingoti wa mbele ukaporomoka. Meli ikaishia kuuzwa kama vyuma vikuukuu.

Na maji pia si dawa ya kila kitu. Meli ya Kifaransa, Normandie, iliwaka New York mwaka 1942 kutokana na cheche za mafundi. Maji ya wazimamoto yakajaa sitaha za juu, ikapoteza usawa, ikalala ubavu.

Chini ya mkataba wa kimataifa wa SOLAS, kuta imara zaidi za kuzuia moto, zinazoitwa A-60, hupimwa kwa dakika 60. Saa moja tu, tena kama mtu amekumbuka kufunga mlango. Mtu huyo ni wewe, bana!

Ndiyo maana hunikera kumsikia kijana akijigamba kwamba alisinzia kwenye mafunzo ya kuzima moto, eti shida yake ni cheti. Cheti kitakufungia mlango?

Wewe uliyemaliza kozi, uliwahi kubeba mtungi wa hewa mgongoni ukaingia chumba kilichojaa moshi? Kama hapana, rudi chuoni ukadai ufundishwe. Si karo ulilipa?