Kutoka Kimulot hadi Karuru

Anayepanga likizo ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare asianze na picha za maporomoko. Aanze na mvua. Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo ndani ya hifadhi hugeuka tope, na gari dogo la kwenda sokoni Litein halifai hata kidogo. Linatakiwa gari la magurudumu manne yanayovuta.

Familia nyingi za wakulima wa chai Kimulot hutazama kalenda nyingine: bonasi ya Oktoba, kisha Desemba watoto wakiwa nyumbani. Hesabu hiyo ina akili, ila Januari na Februari ndipo anga hukauka zaidi.

Njia ni Kericho, Nakuru, kisha Nyahururu, ambako maporomoko ya Thomson yenye mita 74 yako karibu kabisa na mji. Wengine huishia hapo, wakapiga picha na kurudi. Hasara yao! Mbele ya Nyeri, kupitia lango la Kiandongoro, kuna Karuru: maji ya mita 273 yanayoshuka kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya bonde yanaonekana maporomoko ya Gura.

Ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo noti mfukoni hazimsaidii mtu langoni. Na baridi? Mchuma chai wa Kimulot anaijua ya alfajiri, lakini nyika za Aberdare ziko juu ya mita 3,000. Sweta moja halitoshi, na ukungu ukishuka mchana Karuru husikika tu. Afadhali kufika asubuhi.