Jua Halizami Coco Beach

Mwezi huu naanza kwa kujitangaza mjinga mwenyewe kabla hujaniwahi. Nimeishi Dar es Salaam miaka sita, nikavishwa pete, nikamlipa mpiga picha, nikamburuta mchumba wangu hadi Coco Beach Jumapili jioni ili tupigwe picha jua likizama baharini. Jua likazama vizuri tu. Ila lilizama nyuma yetu, kwenye majumba ya Oysterbay!

Hivi kweli mtu mzima na digrii yake anasahau kwamba ufukwe ule unatazama mashariki?

Lingekuwa jambo la kuchekesha kama lisingezaa ugomvi. Mwenzangu ana pengo la mbele, alilipata utotoni kwenye mpira, na mbele ya watu hafungui mdomo kucheka. Sasa Coco Beach ya Jumapili si unaijua? Wauza mihogo, watoto, vijana na mpira wao, na kila anayepita ana ushauri. "Kaka, mshike kiuno!" Mwenzangu akakaza uso kama yuko foleni ya benki. Nami, bila breki, nikamwambia, "Mama ameomba picha moja tu ukiwa unacheka, hata hiyo inakushinda?"

Mama yake yuko Bukoba, miguu inamsumbua, harusini asingefika. Hakunijibu. Alikwenda kukaa kwenye gari. Wiki nzima iliyofuata nilikuwa najiuliza kama harusi yenyewe ipo.

Niliomba msamaha. Kisha nikaanza upya, safari hii kwa akili.

Kama hutaki kutoka Dar, upande wa ghuba ya Msasani rasi inageukia magharibi, jua unaliona likishuka ng'ambo ya maji. Pazuri, ila kupata utulivu ni kasheshe. Kigamboni siku za kazi kumetulia, na jua la jioni likitokea bara linawamulika usoni kwa upole huku bahari ikiwa nyuma yenu, mradi miti isilizibe mapema. Mimi nilitaka jua ndani ya maji, basi. Hapo ni Unguja, kaskazini magharibi: Nungwi au Kendwa. Usichanganye na Paje au Jambiani. Ni fukwe nzuri mno, lakini ni za macheo, na maji yakitoka huko yanakwenda mbali mpaka unapigwa picha na mwani.

Maji ndiyo yaliyotaka kunichanganya tena. Mzee mmoja mvuvi alinisaidia: "Mwanangu, usihesabu tarehe, hesabu mwezi." Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Piga hesabu: siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, bahari imejaa jua linapozama. Faida ya pili, Kendwa imejipatia jina kwa sherehe zake za mwezi mpevu, na siku tatu baadaye wenye sherehe wameshaondoka.

Tulikwenda Jumanne. Tukatembea mpaka tukaiacha hoteli ya mwisho nyuma, mimi nimejifunga kanga juu ya gauni maana tulikuwa tunapita na watu wanaoishi hapo. Saa 11 jioni tulikuwa tayari. Msichelewe, jamani: huku kwetu karibu na Ikweta jua likishazama mna kama dakika 20 tu, kisha giza. Mpiga picha nilimwomba asimame mbali, atumie lenzi ndefu, na asitoe amri yoyote.

Nusu saa ya kwanza, uso wa benki. Nikanyamaza. Halafu wimbi likanivua kandambili moja na mwenzangu akaikimbilia na suruali yake ya harusi, akaanguka, akainuka ameishika juu kama kombe, anacheka mdomo wazi, pengo lote nje, na jua limekaa begani kwake.

Mama mkwe ameitundika sebuleni. Kwenye fremu mimi nimebaki mkono tu. Sijalalamika.