Kozi ya vyoo, na wala sioni haya

Haya jamani, nimerudi. Najua zimepita wiki tatu sijaandika kitu, msinilaumu, ilikuwa msimu wa testi na nyie wenyewe mnajua testi zikianza mtu hata kuoga anaahirisha. Nilipanga niwasimulie habari za fildi kwa utaratibu, siku baada ya siku, lakini jana jioni pale kwenye vimbweta nimekorofishwa, na mimi nikikorofishwa utaratibu unanishinda. Mtanivumilia.

Ilikuwa hivi. Tumekaa watu sita, wanne wa udaktari, mmoja wa famasia na mimi. Stori zikaenda zikarudi, mara ikaja ya nani anasoma kitu cha maana. Mmoja wa udaktari, rafiki yangu kabisa, tena bumu likichelewa tunakula sahani moja, akasema: "Sisi tunasomea kuokoa watu. Huyu dada anasomea vyoo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika chumbani, kilichoniuma siyo maneno yake. Kilichoniuma ni kwamba nilicheka.

Kwa wale wageni humu: nasoma shahada ya afya ya mazingira, mwaka wa tatu. Nikimaliza nitaitwa afisa afya. Mtaani wanasema bwana afya, kwa hiyo mimi nitakuwa bibi afya, jina ambalo mjomba wangu akilitamka kwenye vikao vya ukoo analitamka kama mtu anayetoa pole. "Si ulichukua PCB lakini? Sasa ilikuwaje?" Ilikuwaje kama vile nimepata ajali.

Basi leo nataka kujibu. Na sitaki kujibu kwa upole ule wa kwenye semina, kwamba kila fani ina umuhimu wake, sote tunategemeana, blah blah. Nataka kusema kwamba anayedharau kozi hii hajui hata hiyo tiba yake anayojivunia imetoka wapi.

Hoja yao kubwa mnaijua: "Ukipata kipindupindu utamkimbilia nani, daktari au bwana afya?" Nitamkimbilia daktari, tena mbio! Atanitundikia dripu, na asipokuwa na dripu atanipa maji ya chumvi na sukari, yale ambayo hata nyumbani unaweza kutengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nitapona na nitamshukuru. Halafu kesho yake asubuhi ataletewa wengine kumi kutoka mtaa uleule, na keshokutwa ishirini. Atatundika dripu mpaka mikono iote sugu. Dar mwaka 2015, kuanzia Agosti, tuliona jinsi kipindupindu kilivyoanza hapa mjini na kikasambaa mikoani. Kilichokuwa kinawaleta wagonjwa wodini hakikuwa wodini.

Daktari aliyelielewa hilo mapema ni John Snow, na ndiyo, alikuwa daktari wenu. London mwaka 1854 watu zaidi ya 600 walikufa kwa kipindupindu eneo moja tu la Soho. Yeye akatembea nyumba hadi nyumba akiuliza maji mnachota wapi, mpaka wakubwa wakakubali kung'oa mpini wa pampu ya Broad Street. Wenzake wengi wakati huo walikuwa bado wanaamini ugonjwa unaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Anakumbukwa kwa mpini wa pampu, na kipindi chetu cha kwanza kabisa mwaka wa kwanza kilikuwa juu ya mpini huo.

Tuache Uingereza, twende Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba. Chanjo iliyoidhinishwa hakuna, dawa iliyoidhinishwa hakuna. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na mmoja wa waliokufa alikuwa mhudumu wa afya, Mungu amrehemu. Juni 2 mlipuko ukatangazwa umekwisha. Uliishaje bila chanjo? Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa, siku 21 kila mmoja, anapimwa joto, anaulizwa umelalaje. Mazishi yalisimamiwa. Nyumba zilipuliziwa dawa. Waliougua walihitaji madaktari na wauguzi, hilo nalisema bila kinyongo. Lakini kilichoziba njia ya ugonjwa ni kazi ya miguu, ya kugonga mlango wa mtu na kuongea naye mpaka akuamini. Hiyo kazi ina kozi yake, na mnaicheka kwenye vimbweta.

Sasa nije kwetu, manake nikiishia hapo nitakuwa muongo. Tunadharauliwa na wengine, sawa, lakini sisi wenyewe ndio wa kwanza kujidharau. Darasani kwetu muulize mtu anasoma nini, atakwambia "nipo afya pale" na kubadili mada. Mwaka wa kwanza wengi walijaza fomu za kuhamia udaktari. Na mimi nilijaza. Sikuipeleka tu kwa sababu siku ya mwisho nilikuwa naumwa malaria (ndiyo, cheka). Na jinsi tunavyosoma pia ni kichekesho. Desa linapigwa kopi, desa linakaririwa, desa linatapikwa kwenye mtihani, yameisha. Ukikwepa sapu unashukuru Mungu na semista mpya unaanza bila kukumbuka hata jina la somo.

Haya matunda ya desa niliyaona kwenye fildi mwaka jana, na hii ndiyo stori niliyotaka kuwapa.

Masika ilikuwa imekolea. Nilipangiwa mtaa mmoja wa mabondeni hapa Dar, sitautaja. Sehemu kubwa ya jiji hili haijaunganishwa na bomba la majitaka, kwa hiyo watu wanatumia mashimo, na bondeni maji ya chini yako karibu, shimo linajaa upesi. Mvua kubwa ikinyesha, watu wanatapisha vyoo. Wa mikoani msiojua: mtu anatoboa ukuta wa shimo, mvua inachukua kila kitu inapeleka mferejini, na hapo chini kidogo mferejini kuna mama ntilie anaosha sahani na watoto wanachezea mpira.

Tukafika nyumba moja, mimi na afisa niliyekuwa chini yake. Bomba limetokeza ukutani, linamwaga mchana kweupe. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, amekaa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibuni. Afisa akatoa karatasi, akataja Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, akampa siku saba, akaingia nyumba ya pili. Akaniachia mimi kazi ya "kutoa elimu."

Jamani. Nilikuwa nimepata A kwenye somo lile! Nilikuwa na mchoro wote kichwani, ule wa njia ambazo kinyesi kinapitia kufika mdomoni: vidole, nzi, mashamba, maji, chakula. Kwa Kiingereza yote yanaanza na herufi moja ili tukariri vizuri. Kwa Kiswahili hayaanzi na herufi moja, na mimi nilikuwa nimekariri herufi. Nikasimama mbele ya yule mama nikiumauma maneno, naanza sentensi naikatisha, nasema "vimelea" halafu natafuta neno linalofuata silioni. Mtoto wa Kitanzania, nimezaliwa na Kiswahili, nashindwa kusema kwa Kiswahili kitu nilichokisomea miaka miwili.

Yule mama akanisaidia. Akaweka ungo chini, akasema: "Mwanangu, hayo unayotaka kuniambia nayajua. Tulifundishwa kwenye redio, mimi nikiwa msichana kijijini. Mtu ni Afya. Tulikaa kwa vikundi, redio moja, kitabu kimoja, halafu tunakwenda kuchimba choo."

Mtu ni Afya! Kampeni ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili walishiriki nchi nzima, kwa wiki kumi na mbili, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, wanakubaliana cha kufanya, wanakifanya. Kwa Kiswahili chote. Malaria, minyoo, kichocho, kuhara. Nchi ilikuwa na miaka 12 tu ya uhuru. Sisi tumeisoma hiyo kama mistari minne ya historia kwenye desa, na yule mama aliyeishi ndani yake alikuwa ananihurumia mimi mwenye shahada ya kesho.

Halafu akanipeleka uani. "Sasa nionyeshe gari la kunyonya litapita wapi." Uchochoro ule ukipanua mikono unagusa kuta mbili. Gari linaishia barabarani, mpira haufiki. Vijana wa kuchimbua kwa ndoo wanataka hela ambayo kodi ya vyumba vyake viwili hailipi, na wakishatoa wanafukia palepale au wanamwaga usiku mferejini. Akaniuliza: "Hizo siku saba nilizopewa, nifanye nini ndani yake?"

Sikuwa na jibu. Na jibu lipo! Zipo pampu za mkono zinazoingia uchochoroni, na vyombo vya matairi matatu vya kubeba mapipa mpaka pale gari linapoweza kufika. Zimewahi kutumika hapahapa Dar. Kwenye notisi zetu zimepewa nusu ukurasa, na mwalimu alisema haitoki kwenye mtihani, kwa hiyo nusu ukurasa ule niliuruka.

Ndiyo maana sikubali kabisa ule wimbo kwamba "wananchi hawana elimu." Tunaimba huo wimbo kila lekcha, na wa udaktari wanauimba kwa sauti kubwa zaidi, manake unampa msomi raha ya kuwa yeye ndiye mwenye kujua. Yule mama elimu alikuwa nayo kabla mama yangu hajazaliwa. Alichokosa ni pampu, njia, na mtu wa kwenda kugombana kwa niaba yake kwenye vikao vya bajeti. Huyo mtu ndiye mimi, ndiye wewe unayesema "nipo afya pale" ukiangalia pembeni. Tangu 2007 kuna sheria ya kutusajili kama wataalamu, na sisi wenyewe bado tunajiona watu waliokosa nafasi mahali pengine.

Nikimaliza kuwasema wenzangu nirudi kwa wale wa vimbweta. Rafiki yangu, najua utasoma hapa, na kesho utasema nimekuanika. Sijakutaja. Lakini nikuulize kitu kimoja: floo yenu kule hosteli, choo cha mwisho upande wa kushoto, maji yamekatika tangu Jumatatu na bado watu wanakitumia na kuondoka kama vile kuna muujiza utatokea. Madaktari watarajiwa arobaini, floo nzima, na hakuna hata mmoja aliyeshuka chini kuchota ndoo moja. Nimeambiwa na mhudumu wa usafi, mama wa watu, mwenye kuvaa glavu zilizotoboka. Mkishaokoa watu wote waliobaki, mkumbukeni na yeye.

Basi, nina testi ya mwisho Alhamisi na kimiminika kilichobaki kwenye chupa yangu ya maji ni cha kunywa tu, itabidi nishuke kisimani. Ndoo yangu ya bluu yenye mpini wa kamba haionekani tangu jana. Aliyeichukua aiache mlangoni, sitauliza.